Ukuta wa Upande wa Bi Hajrabai

Ndia Kuu, Mombasa
4 Mei 1947

Kwa Ami yangu Muhdhar bin Athman,

Salamu zikufikie wewe, Bi Mwanaesha na Twaha, na baridi ya huko iwe imewaonea huruma. Sisi ni wazima. Jamaldin yuko bandarini kutwa, na akirudi analalamika kuhusu karani mwenzake mpaka chakula kipoe. Mimi nina habari ya kuwapa: Mungu akipenda, baada ya Ramadhani tutakuwa watatu. Mkunga wetu, Bi Mwanabaraka, anasema ni mwezi wa tisa.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Chumba cha ndani cha nyumba yako kimeingia ukungu. Ulianza pembeni kama vumbi la mkaa, sasa umepanda hadi kimo cha bega. Viatu vya kazini vya Jamaldin vimeota manyoya kama paka. Leso nilizoweka akiba kwa ajili ya mtoto zimepata madoa, nazo zimo sandukuni.

Bi Mwanabaraka alikuja, akanusa, akatoka. Alisema, "Mimi sizalishi mtu ndani ya mtungi. Chumba kikauke, ama arobaini yako ukakae kwa mama mkwe Kisauni." Ami, mama mkwe wangu unamjua. Siku arobaini.

Nimeutoa mkataba tuliotia sahihi, vifungu vyote tisa, na hakuna kinachotaja ukungu. Kwa hiyo nauliza: ni juu yangu mpangaji, au juu yako mwenye nyumba? Wewe ndiye mwenye nyumba, na wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Nakuuliza kwa yote mawili.

Mwanao,
Mwanakuu binti Nuruddin


Pumwani, Nairobi
9 Mei 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Barua yako ilipanda treni jioni, na asubuhi ya pili ilikuwa mkononi mwangu. Haya ndiyo maendeleo, na mimi sitayaaibisha kwa kukawia, kwani barua isiyojibiwa ni sawa na salamu isiyoitikiwa. Kijana wetu Twaha yuko kwenye karakana ya reli, amenenepa. Bi Mwanaesha anatembea na blanketi mbili, moja ya baridi na moja ya kunionyesha kwamba mimi ndiye niliyemleta huku. Nilimsomea barua yako yote, maana herufi hizi za Kizungu hazijui. Za Kiarabu anazisoma kuliko mimi. Alipoisikia habari ya mtoto alilia, kisha akaanza kushona.

Tuje kwenye ukungu. Watu husema ukungu ni uchafu. Si kweli. Ukungu ni maji yaliyokaa mahali yasipotakiwa. Basi tusiulizane nani mchafu. Tuulizane maji yametoka wapi. Chumbani maji hupata njia tatu. Hushuka kutoka darini, hupanda au kupenya ukutani, au hutoka vinywani mwa watu na kwenye vyungu vyao. Watu wawili wakilala, hadi alfajiri wametoa mvuke wa kujaza kikombe. Ukianika nguo chumbani, umeongeza ndoo.

Dari na ukuta ni vya mwenye nyumba. Mpangaji hakuvijenga wala hawezi kuvibomoa. Hata msumari hapigi bila idhini yangu ya maandishi, kifungu cha sita. Lakini pumzi na vyungu ni vya mpangaji, maana mwenye nyumba aliye Nairobi hawezi kuja Ndia Kuu kila asubuhi kukufungulia dirisha. Kwa hiyo shika kanuni hii: aliyeleta maji ndiye atakayeyatoa. Iandike mahali. Mimi mwenyewe sitaikana.

Ili tujue ni maji ya nani, fanya hivi. Vunja kioo kibovu vipande viwili. Kimoja kibandike kwenye ukuta wa nje, kingine kwenye ukuta wenye ukungu, uzibe kingo zote kwa nta ya mshumaa. Ngoja siku tatu. Kioo kikilowa usoni, ni mvuke wenu. Kikilowa mgongoni, ni ukuta. Kioo hakina jamaa, hakitapendelea mtu.

Wakati huohuo fungua dirisha jua likichomoza, nguo anika juu, na kabati lisogeze shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake.

Ami yako,
Muhdhar bin Athman


Ndia Kuu, Mombasa
25 Mei 1947

Ami yangu,

Natumaini mu salama na blanketi zimetosha. Huku mvua imepungua, embe zimeadimika, na yule karani mwenzake Jamaldin amehamishiwa ghala jingine, kwa hiyo tunakula chakula kikiwa moto.

Nimefanya kila ulichosema. Dirisha linafunguliwa alfajiri, nguo ziko juu, kabati limesogea. Vioo nimevibandika kwa nta. Jamaldin alikwenda kulala kwa mama yake siku zote tatu, ili isije ikasemwa kwamba ni pumzi yake. Alirudi amekonda.

Kioo cha ukuta wa nje: kikavu pande zote mbili. Kioo cha ukuta wa pili, ule tunaopakana na Bi Hajrabai, mjane wa Adamji aliyekuwa akiuza taa: usoni kikavu, mgongoni maji yanatiririka.

Kuna na jambo jingine. Nilipokibandua kioo, chokaa ya ukutani ilitoka nacho kama ganda la muhogo. Chini yake hakuna chokaa. Kuna kitu cha kijivu, kigumu, baridi kama samaki. Na juu yake mtu amechora kwa msumari, kwa herufi za Kiarabu. Neno moja tu linasomeka, nalo ni "amani".

Kwa kanuni yako, maji ni ya nyumba. Nangoja maneno yako. Ningemwuliza Bi Hajrabai kama na upande wake umelowa, lakini tangu tuhamie hapa salamu zangu anazijibu kwa kichwa tu.

Mwanakuu


Pumwani, Nairobi
3 Juni 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Tu wazima, Alhamdulillahi. Bi Mwanaesha amemaliza kofia ya mtoto na ameanza ya pili, kwa sababu hajui ukubwa wa kichwa. Twaha anakusalimu.

Nimeifikiria habari ya kioo. Kioo ni kipimo kizuri, lakini lazima tukumbuke kwamba masika ya mwaka huu yamekuwa makubwa, na jambo la mwaka mmoja halitoshi kuwa ushahidi. Wataalamu hupima mara mbili, kwa mfano wakati wa masika na wakati wa kaskazi.

Ama maandishi, yasikushughulishe. Nyumba za zamani zina maandishi mengi. Mafundi walikuwa wakiandika dua. "Amani" ni neno zuri kukaa nalo chumbani.

Ushauri wangu ni huu: paka chokaa mikono mitatu, kisha lirudishe kabati mahali pake, liushike ukuta vizuri. Najua nilisema lisogezwe shubiri moja. Hiyo ilikuwa kanuni ya jumla. Huu ni ukuta maalumu.

Bi Hajrabai usimsumbue. Ni mtu mzima, ana shughuli zake, na majirani walioishi kwa kunyamaziana huwa wana sababu njema.

Bi Mwanaesha alisikia jina hilo nikisoma, akaniuliza Hajrabai yu hai. Nikasema yu hai. Akashona kidogo, akasema, "Zamani alikuwa mtu wangu, kabla duka halijampa kiburi." Kisha tukazungumza mambo mengine.

Ami yako,
Muhdhar


Ndia Kuu, Mombasa
20 Juni 1947

Ami yangu,

Salamu kwa wote. Mwambie Bi Mwanaesha ashone kofia kubwa. Familia ya Jamaldin yote ina vichwa.

Chokaa tulipaka mikono mitatu. Siku ya nne ilidondoka yote, na safari hii ikaanguka na ya zamani. Yale maandishi yameongezeka. Sasa mwanzoni kuna pengo, halafu yanasomeka "bin Athman", na mbele yake "Shaaban 1343". Na kile kitu cha kijivu kina umbo: ni mraba, upana wa dhiraa moja, kimo cha kifua.

Nimemwita fundi Dzoro, yule mwashi wa Rabai anayetengeneza misikiti. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari. Akasema, "Hapa palikuwa na kidirisha cha kupitia nyumba ya pili. Mtu amekiziba kwa saruji. Nyumba hizi, dada, ni mawe ya baharini na chokaa. Zinapumua kwa ngozi. Saruji haipumui. Huyu bwana amemziba mtu mzima pua, kisha anashangaa mtu anatoa jasho."

Nilimwuliza bwana mwenyewe angekuwa nani. Akasema, "Mimi sisomi. Lakini ni mtu asiyejua kazi, na anayependa sana kuandika."

Dzoro anasema kidirisha kikifunguliwa na saruji ikabanduliwa, chumba kitakauka kwa wiki nne. Bi Mwanabaraka anangoja jibu langu. Naomba idhini ya maandishi, kifungu cha sita.

Nilikutana na Bi Hajrabai kwa muuza mchicha. Nilimwuliza habari ya ukuta. Alisema jambo kuhusu mkate wa mayai. Nikaona afadhali nisiliandike.

Mwanakuu


Pumwani, Nairobi
4 Julai 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Nisamehe kwa kukawia. Treni siku hizi si za kutegemewa.

Kuhusu idhini, si kwamba nakataa. Nasema tu kwamba tumo mwezi wa Shaaban, na si vizuri kubomoa katika Shaaban, kisha inakuja Ramadhani, ambapo mafundi hawana nguvu. Kwa sasa weka vyungu viwili vya makaa makavu katika chumba. Makaa hunyonya unyevu. Hili ni jambo la kisayansi.

Kuhusu maandishi, "bin Athman" ni jina la babu yako, na Athman alikuwa na wana wawili. Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mwepesi wa kuandika kila mahali tangu utoto. Sisemi zaidi, maana marehemu hasemwi.

Bi Mwanaesha hajambo. Barua yako ya mwisho nilimsomea sehemu ya kofia.

Ami yako


Ndia Kuu, Mombasa
18 Julai 1947

Kwa Ami Muhdhar bin Athman,

Leo watu wanakula vunjajungu, na kesho au keshokutwa tunafunga. Ramadhani njema kwenu.

Makaa yameota ukungu.

Maalim wa msikitini hajui hukumu yoyote ya kutobomoa katika Shaaban. Aliomba nimtajie kitabu.

Chokaa nyingine imedondoka, na lile pengo limejaa. Sasa mstari wote unasomeka, nami nakunakilia kama ulivyo: "Kimezibwa na Muhdhar bin Athman kwa mkono wake, Shaaban 1343, kwa amani ya nyumba mbili." Baba yangu mwaka huo alikuwa Unguja kwa masomo. Barua zake za huko ulinionyesha wewe, nikiwa na miaka kumi, kunifunza kusoma.

Bado miezi miwili. Mama mkwe ameshatandika kitanda.

Mwanakuu


Pumwani, Nairobi
10 Ramadhani 1366, yaani 29 Julai 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Leo sina habari za Twaha wala za baridi. Nimefunga, na mtu aliyefunga akiandika uongo anakuwa amejinyima chakula bure. Basi nitakueleza tangu mwanzo.

Nyumba yetu na ya Adamji zilikuwa na kidirisha ukutani, na kila upande una kilango chake cha mbao. Wanawake walipitishiana sahani hapo bila kujitupia buibui na kuzunguka uchochoroni. Bi Mwanaesha na Bi Hajrabai walikuwa wameolewa mwaka mmoja, na kidirisha kile kilikuwa hakifungwi. Asubuhi walisemezana wakichambua mchele, kila mmoja upande wake. Na sheria ya sahani unaijua: sahani ya jirani hairudi tupu. Ikirudi tupu, maana yake ni kwamba tumetosheka nawe.

Siku ya vunjajungu mwaka ule, Bi Hajrabai alipitisha sambusa za nyama katika sahani yake nzuri, nyeupe yenye ukingo wa buluu. Sambusa tulikula kwa halali. Bi Mwanaesha akapiga mayai kumi, akapika mkate wa mayai, akauweka mzima juu ya ile sahani, akaufunika kawa. Akaniambia, "Naenda kuoga. Hajrabai akigonga, mpitishie."

Mimi nilikaa pale na kitabu. Nikawaza kwamba mkate unaokwenda kwa watu lazima uonjwe, usije ukawa na kasoro. Nikakata kipande. Haukuwa na kasoro. Lakini mkate uliokatwa upande mmoja unaonekana makombo, na kumpelekea jirani makombo ni kumtusi, kwa hiyo nikakata upande wa pili ili ulingane. Ukawa umelingana, ila mwembamba. Nikaona ni heri kumpelekea robo iliyo nadhifu. Halafu robo ikaonekana uchoyo. Kila hatua, mwanangu, ilikuwa na hoja yake, na mpaka leo sijaona hoja iliyokosea. Lakini mwisho wa hoja zote nilikuwa na sahani tupu, na mtu anagonga.

Nilishtuka nikaipitisha. Nilimsikia akiivuta. Kisha kilango cha upande wake kikafungwa taratibu. Angekipiga kwa nguvu ningepata nafuu.

Sikumwambia Bi Mwanaesha. Nikajua wakizungumza mara moja tu nimekwisha. Bandarini walikuwa wakijenga, nikapata nusu gunia la saruji. Kesho yake, kabla mwezi haujaandama, nilikiziba, nikamwambia mke wangu kwamba moshi wa jiko la kina Adamji unaniumiza kifua. Nikaandika jina na tarehe, kwa sababu kazi isiyo na jina na tarehe naiona kama haikufanyika. Nikapaka chokaa. Tangu siku ile yeye anaamini Hajrabai aligeuka, na nimemwacha aamini hivyo miaka ishirini na miwili.

Huo ni ubaya wa kwanza. Wa pili ni ule wa barua iliyopita. Ndugu yangu Nuruddin hakuandika ukutani hata siku moja. Nilimtupia mtu asiyeweza kujibu, tena mbele ya binti yake. Nimemwombea na nimejiombea, na wewe nakuomba unisamehe.

Kwa hiyo, mkataba. Unyevu haukutoka pumzi yenu. Umetoka kwa mwenye nyumba. Aliyeleta maji ndiye atakayeyatoa. Barua hii ndiyo idhini yangu ya maandishi chini ya kifungu cha sita: Dzoro afungue kidirisha, abandue saruji yote, apake chokaa halisi, na kila gharama ni yangu.

Nina ombi moja, na si sharti. Bi Mwanaesha niachie nimwambie mwenyewe. Natafuta wakati mzuri. Leo amechoka kwa saumu.

Ami yako,
Muhdhar bin Athman, kwa mkono wake


Ndia Kuu, Mombasa
23 Agosti 1947

Ami yangu mpenzi,

Idd njema, ingawa imepita. Nimekusamehe, na kwa niaba ya Baba pia. Angekuwa hai angecheka mpaka akae chini.

Dzoro alikuja siku ya tatu ya Idd. Saruji yako ilikuwa ngumu. Alivunja patasi moja, akauliza tena jina lako, akalirudia polepole kama mtu anayelihifadhi. Adhuhuri jiwe la mwisho lilisukumwa, likaangukia upande wa pili. Tukasikia mtu anasema, "Haya, nani anatupia watu mawe?" Kisha uso wa Bi Hajrabai ukatokea kwenye tundu, miwani imejaa vumbi.

Alichungulia ukuta wetu mweusi. Akasema, "Kumbe na nyinyi mwaoza? Miaka yote hii nalidhani ni mimi peke yangu. Nimehama chumba hiki tangu Adamji yu hai."

Nilimwambia, "Bi Hajrabai, ile sahani hakuirudisha Bi Mwanaesha." Alivua miwani, akaifuta. Akasema, "Mwanangu, siku ile nalikaa hapa alasiri nzima. Alikuwa akioka. Harufu ilinifikia, mkate haukunifikia. Nikajiuliza, kapika, kisha kanionyesha kwamba si wangu. Hilo ndilo lililoniuma." Nikamweleza hoja zako moja moja: kipande cha kuonja, upande wa kulingana, robo iliyo nadhifu. Nilipofika kwenye robo aliingiza kichwa kizima ndani ya tundu ili asikie vizuri.

Chumba kinakauka. Dzoro ameacha kidirisha wazi, ametia kizingiti cha msaji na kilango cha mbao. Bi Mwanabaraka amenusa, akakaa chini, akaomba chai.

Ombi lako nimelishika. Sikumwandikia Bi Mwanaesha. Lakini Bi Hajrabai hakumwahidi mtu lolote, na Mabohora kama yeye wanaandika kwa herufi za Kiarabu tangu utotoni. Mpwa wake Kutbuddin anarudi dukani kwake Nairobi Jumanne. Kama wakati mzuri hujaupata, ningekushauri uupate kabla ya Jumatano.

Mwanakuu


Pumwani, Nairobi
30 Agosti 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Barua yako ilinifikia Jumatano mchana. Kutbuddin alikuwa amefika Jumatano asubuhi.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, ni mke wangu aliyenisomea barua. Anasoma vizuri sana, anasimama penye kusimama. Alipomaliza aliikunja, akaniuliza, "Ulikuwa mtamu?" Nikasema ulikuwa mtamu. Akasema, "Mayai kumi," akaenda kufunga sanduku.

Amepanda treni jana na zile kofia. Atakuwa nawe hadi arobaini iishe. Kwangu hakuacha ujumbe, ila blanketi zote mbili ameziacha kitandani upande wangu, nami sijajua zina maana gani.

Ami yako


Ndia Kuu, Mombasa
27 Septemba 1947

Ami yangu,

Pokea furaha yetu. Jumapili alfajiri nimejifungua mtoto wa kike, Khatija, katika chumba cha ndani. Kofia zote mbili hazimwenei, ni ndogo. Ukuta ni mkavu. Jamaldin ameurudishia kioo chako mwenyewe, akakisoma siku tatu, mbele na nyuma, akasema atakuandikia cheti.

Bi Mwanaesha alipofika hakuvua hata buibui. Alikwenda moja kwa moja kidirishani, akagonga. Bi Hajrabai akafungua. Nilidhani watalia. Bi Mwanaesha alisema, "Umezeeka, Hajra." Bi Hajrabai akasema, "Wewe je, huko Nairobi huna kioo?" Basi tangu hapo hakuna anayelala nyumba hii kabla ya saa nne. Kila mmoja upande wake, mchele mapajani. Wameshafika mwaka 1931.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi kwa mkono wa rafiki yake Twaha, yule wa treni. Usikifungue kwa haraka, kinavunjika. Ndani mna sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu. Bi Hajrabai aliitunza. Wameiosha wote wawili.

Ni tupu, Ami. Nimeambiwa nisiongeze neno.

Mwanakuu


Pumwani, Nairobi
9 Oktoba 1947

Mwanangu Mwanakuu,

Mungu amkuze Khatija, ampe masikio ya kusikiliza na kichwa kisichotafuta hoja kwa kila kitu.

Sahani imefika nzima. Nimejifunza kupika mkate wa mayai. Kanuni yake ni hewa: mayai hupigwa mpaka yabebe hewa, na asiyeyapa mayai muda atapata tofali. Nimepata matofali mawili. Sukari ni ya kuhangaikiwa, kwa hiyo Twaha alinunua kwa rafiki zake wote na sasa karakana nzima inajua habari hii. Wa tatu umeumuka.

Nitapanda treni ya kesho. Mkate uko juu ya sahani, sahani imo ndani ya kikapu, na Twaha ameufunga mdomo wa kikapu kwa waya wa reli kwa koleo, kisha koleo akalificha. Nilimwambia kwamba mkate unaokwenda kwa watu lazima uonjwe. Akaongeza waya wa pili.

Waambie wakae kidirishani Jumamosi asubuhi. Nitapita kwanza upande wa Bi Hajrabai, nigonge mlango wa mbele kama mgeni.

Mkate ukifika pungufu, ni juu ya mwenye nyumba.

Ami yako,
Muhdhar bin Athman